Je, protini ikizidi ina madhara? Tutazame na sahani ya jirani

SWALI hili niliulizwa darasani, siku chache baada ya Idd el-Hajj. Ninafundisha somo la Maarifa ya Uislamu hapa Moshi, na siku hiyo mada yetu ilikuwa adabu za kula na kunywa. Kijana mmoja, mwenye kifua cha mazoezi, akanyoosha mkono: "Ustadh, mimi nanyanyua vyuma. Nakula mayai sita kwa siku, na nakunywa ule unga wa protini wa kwenye kopo. Mama anasema nitaua figo zangu. Je, ni kweli protini ikizidi ina madhara? Na kama ina madhara, si itakuwa haramu?"

Kabla sijajibu, binti mmoja aliyekaa nyuma, ambaye huteremka kila siku kutoka Old Moshi, akasema: "Mwenzetu anaogopa isije ikamzidia. Sisi kwetu hata ile ya Idd haikufika."

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikumbuka friza ya nyumbani kwangu, ambayo siku ile ilikuwa haifungi vizuri kwa wingi wa nyama.

Ndugu msomaji, makala hii ni jibu kwa wale wanafunzi wawili. Nimeona nilitoe hadharani kwa sababu maswali yao ni maswali yetu sote, na kwa sababu sidhani kwamba unaweza kulijibu la kwanza kwa haki ukaliacha la pili.

Protini si adui

Kwanza tuondoe hofu isiyo na msingi. Protini ni neema ya Allah (s.w.). Ndiyo inayojenga misuli, ngozi, damu na kinga ya mwili. Inapatikana katika nyama, samaki, mayai, maziwa, maharage, choroko, kunde na karanga. Mtoto haikui bila hiyo, mjamzito hawezi kuikosa, na mzee anaihitaji ili asiishiwe nguvu za miguu.

Uislamu haukuja kuwanyima watu nyama. Mtume (s.a.w.) alikula nyama, na katika mapokezi ya Bukhari na Muslim tunaelezwa kuwa alipenda sehemu ya mkono wa mbuzi au kondoo. Allah (s.w.) katika Suratul Maida, aya ya 87, amewakataza waumini wasijiharamishie vizuri alivyowahalalishia, na papo hapo akawakataza kuvuka mipaka. Tazama jinsi makatazo hayo mawili yalivyowekwa pamoja. Anayejinyima halali bila sababu amekosea, na anayepindukia kiasi naye amekosea.

Kiasi hicho ni kipi? Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na wenzao wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao iliyotolewa mwaka 2007, walikadiria kuwa mtu mzima mwenye afya anatosheka na gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60, basi, hesabu yake ni gramu 50 hivi. Anayefanya mazoezi mazito au kazi za sulubu anahitaji zaidi ya hapo, lakini si mara tano.

Sasa tupige hesabu ya mjini. Nusu kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mifupa ina karibu gramu 100 za protini. Ni mahitaji ya siku mbili. Na wapo ndugu zetu ambao hiyo nusu kilo ya nyama choma ni ya jioni tu, baada ya supu ya kongoro asubuhi na pilau ya nyama mchana. Harusi ikija, ndafu ikateremshwa katikati ya ukumbi, huwa hatuna tena habari ya mizani.

Ikizidi inakwenda wapi?

Mwili hauna ghala la protini kama ulivyo na ghala la mafuta. Ukila kupita haja, ziada inavunjwavunjwa. Sehemu moja inatumika kama nguvu au inageuka mafuta, ndiyo maana mtu anaweza kunenepa kwa nyama kama anavyonenepa kwa wali. Mabaki yake yanageuzwa na ini kuwa urea, nayo figo ndizo zinazoichuja na kuitoa kwa mkojo.

Kwa hiyo jibu la kijana wetu ni hili. Figo zikiwa nzima, Allah (s.w.) amezipa uwezo wa kuibeba kazi hiyo, na haijathibitika kwamba protini nyingi peke yake inaharibu figo za mtu mwenye afya. Mama yake hana sababu ya kulia kwa ajili ya mayai. Lakini figo zikiwa tayari zimedhoofika, mambo yanageuka. Mzigo ambao mwingine anaubeba bila kuuhisi, huyu unamharakishia kuchoka. Ndiyo maana madaktari huwapangia wagonjwa hao kiasi maalumu cha protini.

Hapo ndipo penye tatizo. Ni nani kati yetu anayezijua figo zake?

Mwaka 2014 watafiti wa hospitali ya KCMC, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, walipita nyumba kwa nyumba katika Manispaa ya Moshi na Moshi Vijijini, wakawapima watu wazima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kwa jumla, watu 7 katika kila 100 walikadiriwa kuwa na ugonjwa sugu wa figo. Lakini wa mjini walikuwa kiasi cha 15 katika 100, na wa vijijini 2 tu. Na kati ya waliokutwa nao, ni kama mmoja tu katika kila kumi aliyekuwa anajua kwamba anaumwa.

Niwe mkweli: utafiti ule haukusema kwamba nyama ndiyo iliyowaumiza watu wa mjini. Maadui wakubwa wa figo wanaojulikana ni shinikizo la damu na kisukari, na karibu nusu ya waliokutwa na ugonjwa hawakuwa na lolote kati ya hayo wala virusi vya Ukimwi. Funzo ninalolichukua mimi ni jingine. Mtu wa Majengo, Pasua au Njoro anayesema "mimi ni mzima, nakula nitakacho" anasema jambo ambalo pengine hana ujuzi nalo. Dini yetu haituruhusu kusema tusilolijua, hata kuhusu miili yetu.

Na figo si hesabu pekee. Mwezi Oktoba mwaka 2015, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama za kusindika, kama soseji, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na ikaiweka nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo huenda vinaisababisha. Wataalamu wa saratani wanashauri nyama nyekundu iliyopikwa isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki. Kwa wiki, ndugu yangu, si kwa jioni moja!

Kosa la upande wa pili

Nisije nikaeleweka vibaya, mtu akaenda nyumbani akapiga marufuku kila chenye protini. Kosa hilo nimeliona katika ukoo wangu.

Baba yangu mkubwa, anayeishi mlimani, alianza kuvimba miguu. Majirani wakamwambia: "Hiyo ni gauti, mzee, umekula nyama sana." Basi akaacha nyama. Akaambiwa maharage nayo yana gauti, akaacha maharage. Akaambiwa maziwa, akaacha maziwa. Kwa miezi kadhaa alikuwa mtu wa ndizi na chai ya rangi. Akakonda, akawa anashika ukuta kwenda kutawadha. Tulipompeleka hospitali ndipo ikajulikana kuwa hakuwa na gauti kabisa. Ilikuwa presha ya miaka mingi isiyotibiwa, na figo zilikuwa zimeanza kuathirika. Daktari akampa dawa na mpango wa chakula wenye kiasi chake cha protini. Hakumwambia asile.

Hata kwa mwenye gauti ya kweli, yapo mengi yanayosemwa vijiweni ambayo si sahihi. Gauti hutokana na asidi ya yuriki inayojikusanya kwenye viungo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, uliowafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, ulionesha kuwa nyama na vyakula vya baharini viliongeza hatari ya gauti. Lakini mboga na jamii ya kunde haikuonekana kuiongeza, na wanywaji wa maziwa waliipata kwa uchache zaidi. Pombe nayo inajulikana kuichochea. Mzee anayeacha maharage akabaki na supu ya maini ameshika kinyume.

Na mgonjwa wa figo aliyefikia hatua ya kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida huambiwa aongeze protini, kwa sababu ile mashine humpotezea sehemu yake. Wagonjwa wawili wa figo, na amri mbili zinazopingana! Ndiyo hekima ya Suratun Nahl, aya ya 43, inayotuelekeza kuwauliza wenye elimu pale tusipojua. Katika mambo ya figo, mwenye elimu ni daktari. Si jirani, si muuza dawa wa stendi, na si mimi ustadh.

Sahani ya mlimani

Sasa nirudi kwa yule binti wa Old Moshi.

Sisi tuliozaliwa katika migomba tunajua chakula chetu. Ndizi ni tamu, zinashibisha, na zimetulea. Lakini kilo nzima ya ndizi iliyomenywa haina zaidi ya gramu 15 za protini. Wazee walilijua hilo bila ya maabara. Ndiyo maana mtori wa mzazi ulipikwa na nyama. Ndiyo maana kiburu ni ndizi pamoja na maharage. Ndiyo maana kila boma lilifuga ng'ombe ndani, akaletewa majani, akatoa maziwa ya watoto.

Palipo na uwezo, mpango huo unafanya kazi. Palipokosekana, mtoto hupewa mtori usio na nyama na ndizi zisizo na maharage, na tumbo lake dogo hujaa kabla mwili haujapata haki yake. Maziwa yanateremshwa mjini alfajiri kwa sababu ada na sabuni vinadai fedha. Si jambo geni. Mwaka 1975 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandika juu ya sababu za kijamii na kiuchumi za utapiamlo katika Wilaya ya Moshi, wilaya ambayo nchi nzima iliihesabu kuwa ya watu wenye uwezo. Na utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kudumaa kuna sababu nyingi, maradhi na uchafu wa maji yakiwemo, lakini chakula kisicho kamili ni mojawapo ya zilizo kubwa.

Basi ndugu Waislamu, tazameni. Kutoka Mtaa wa Bondeni hadi kwenye migomba ile ni safari ya daladala moja. Huku chini tunajadili kama protini imetuzidi. Kule juu mtoto wa Muislamu mwenzetu, na wa asiye Muislamu ambaye naye ni jirani mwenye haki, anaitafuta haimpati. Je, hilo ni swali la afya tu? La hasha!

Umar na mnunuzi wa nyama

Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimkuta Jabir bin Abdullah (r.a.) amebeba nyama. Akamuuliza ni nini hiyo. Jabir akaeleza kuwa walitamani nyama, naye akanunua ya dirham moja. Umar hakumwambia kuwa nyama ni haramu. Alimuuliza kama mtu hawezi kulibana tumbo lake kwa ajili ya jirani yake au mtoto wa ndugu yake. Kisha akamkumbusha aya ya 20 ya Suratul Ahqaf, inayowazungumzia watakaoambiwa Siku ya Kiyama kwamba vizuri vyao walikwisha kuvimaliza katika uhai wa dunia.

Tuizingatie hadithi hiyo. Nyama ya dirham moja! Na aliyebeba ni sahaba mtukufu. Umar aliuona mzigo mdogo wa nyama, akamuuliza habari za jirani. Angeiona friza yangu angesema nini?

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alitufundisha jambo hili katika nyama hii hii ya kuchinja. Kuna mwaka watu masikini wa majangwani waliingia Madina wakati wa Idd, naye akawakataza Waislamu kuweka nyama ya udh-hiya zaidi ya siku tatu. Mwaka uliofuata akawaruhusu, akawaeleza kuwa aliwakataza kwa ajili ya wale wahitaji waliokuja, na sasa wale, waweke akiba na watoe sadaka. Imepokewa na Muslim. Maana yake ni kwamba friza si haramu. Lakini hukumu ya friza ilitazamwa kwa kumtazama aliye mlangoni.

Na tusisahau nyumba ya Mtume (s.a.w.) ilivyoishi. Mama Aisha (r.a.) alisimulia, kama alivyopokea Bukhari, kuwa ilipita miezi bila moto kuwashwa katika nyumba zake, chakula kikawa tende na maji, isipokuwa majirani wa Kiansari waliokuwa na wanyama wa maziwa walikuwa wakiwaletea maziwa. Protini ya nyumba ya Mtume ilitoka kwa jirani!

Kwa hiyo israfi iliyokatazwa katika Suratul A'raf, aya ya 31, ina madhara mawili. La kwanza ni la mlaji, ambaye figo, viungo na uzito wake vitamdai. Hilo huenda likampata, huenda lisimpate. La pili ni la yule ambaye fungu lake limeliwa. Hilo halina "huenda". Limekwisha kutokea.

Tufanye nini?

Sipendi kuandika nikaishia kulaumu. Napendekeza mambo manne, nami mwenyewe nikiwa wa kwanza kuyabeba.

Kwanza, kamati za misikiti ya mjini zianze mapema, kabla ya mwezi wa Dhulhija, kuorodhesha kaya za Waislamu wa mlimani na wahitaji walio karibu nao. Tunapochinja, nyama ipimwe kwa kilo na ipelekwe siku hiyo hiyo. Ilivyo sasa, mimi nampelekea jirani yangu mwenye nyama, naye ananiletea yake, tunabadilishana mifuko na kudhani tumetoa sadaka.

Pili, tukumbuke kuwa Idd huja mara moja na mtoto hula kila siku. Debe la maharage kwa mjane, kuku wachache wa mayai, au mchango wa ndama wa maziwa kwa familia yenye watoto wadogo, ni sadaka inayodumu kuliko nyama ya siku tatu. Dagaa na perege wa Nyumba ya Mungu ni nafuu kuliko nyama, na si duni kuliko nyama.

Tatu, walau mara mbili kwa mwaka, tuwaombe wauguzi na madaktari wa Kiislamu waje misikitini baada ya Swala ya Ijumaa wapime presha na sukari. Mwenye matatizo aelekezwe hospitali akapimwe figo. Baba yangu mkubwa angepimwa presha miaka kumi nyuma, asingefika alipofika.

Nne, kila mmoja aipime sahani yake. Mtume (s.a.w.) alifundisha, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kwamba ikiwa hapana budi mtu ajaze tumbo, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Na katika hadithi ya Muslim alimuusia Abu Dharr (r.a.) kuwa akipika mchuzi aongeze maji na awaangalie majirani zake. Sisi tunaongeza nyama na kufunga geti.

Kijana wangu wa vyuma nilimwambia: endelea na mazoezi na mayai yako, acha ule unga mpaka umepima figo na kumuuliza daktari, na kila trei ya mayai unayonunua, toa matano kwa mtoto wa jirani asiyeyapata. Alicheka, akakubali.

Kwa binti wa Old Moshi sikuwa na la kumfundisha. Jumamosi ile mimi na mke wangu tuliitoa nyama ya kwenye friza, tukaacha ya kututosha wiki moja, iliyobaki tukapanda nayo. Ilikuwa imechelewa siku kadhaa, na mama wa nyumba ile aliipokea kwa shukrani ambayo ilinitia aibu. Mwaka ujao, inshaallah, tutapanda siku ya Idd yenyewe, na natumai haitakuwa gari langu peke yake barabarani.

Tumuombe Allah (s.w.) atupe riziki ya halali, atupe afya ya kuitumia, na asitufanye miongoni mwa wanaoshiba na majirani zao wana njaa.

Wabillahi tawfiq.